Namna ya Kusoma Utafiti Kuhusu Pombe, Dawa za Kulevya na Kujiua

Anayesoma au kuandika juu ya afya ya akili hukutana mapema sana na dai kwamba watu wenye utegemezi wa pombe wanakabiliwa na hatari ya kufa kwa kujiua mara kumi kuliko watu wengine. Dai hilo halikuzushwa, kwa maana linatokana na utafiti wa miaka mingi, lakini likitolewa katika jarida la kitaalamu na kupelekwa gazetini, kwenye semina ya wahudumu wa afya au kwenye hotuba ya mkutano wa hadhara, hupoteza maelezo yaliyolipa maana. Mwongozo huu ni wa mwanafunzi wa afya ya jamii, tabibu wa kituo cha afya na mwandishi wa habari ambaye amepewa ripoti na anatakiwa kuieleza kwa wengine. Uhusiano kati ya vileo na kujiua ni wa kweli na ni mkubwa, na kwa sababu hiyohiyo kila namba inayouhusu inastahili kuulizwa maswali manne kabla ya kurudiwa: ni nani aliyehesabiwa, ni unywaji upi uliopimwa, kifo kiliandikwaje, na ni nini kingine kilichotangulia.

Waliohesabiwa ni akina nani?

Anza hapa kila mara, kwa sababu makosa mengi huanzia hapa. Mwaka 1977 yalichapishwa makadirio kwamba asilimia 15 ya watu wenye utegemezi wa pombe hatimaye hufa kwa kujiua, na namba hiyo ikanukuliwa kwa miaka mingi katika vitabu vya kufundishia. Mwaka 1990 George Murphy na Richard Wetzel waliirudia hesabu hiyo wakapata kati ya asilimia 2 na 3.4. Mwaka 1998 Hazel Inskip na wenzake, kwa njia nyingine, walikadiria asilimia 7. Msomaji asiye na subira ataona watafiti wanaobishana na kuhitimisha kwamba hakuna anayejua kitu, ilhali tofauti hizo zinaeleweka vizuri mtu akitazama ni nani aliyeingizwa kwenye hesabu na alifuatiliwa kwa muda gani.

Chukua mfano wa wagonjwa 1,000 waliolazwa kwa sababu ya ulevi, wengi wao wakiwa na umri wa miaka 30 na kitu, kisha wakafuatiliwa kwa miaka kumi. Wachache watakufa katika kipindi hicho, na miongoni mwa hao wachache sehemu kubwa itakuwa ya vifo vya ghafla, yaani ajali na kujiua, kwa sababu magonjwa ya ini, ya moyo na saratani bado hayajafikia wakati wake wa kuua. Mtafiti akichukua fungu la vifo vya kujiua kati ya vifo vyote vya miaka hiyo kumi na kulitangaza kuwa ndiyo hatari ya maisha yote, amewahesabu waliokufa mapema na kuwasahau mamia waliobaki hai ambao watakufa uzeeni kwa sababu nyingine. Hilo peke yake linaweza kulikuza jibu maradufu. Ongeza kwamba wagonjwa waliolazwa huwa ndio waliozidiwa, ambao wengi wao wana sonona pia (ugonjwa wa huzuni kubwa isiyoisha), wamepoteza kazi au wametengana na wenzi wao, na hawawezi kuwawakilisha watu wote wanaokunywa kupita kiasi vijijini na mitaani bila kukanyaga hospitali.

Kwa hiyo unapofungua ripoti, tafuta sehemu ya mbinu kabla ya kusoma matokeo. Ikiwa washiriki walitoka katika wodi ya Mathari, hospitali ya magonjwa ya akili jijini Nairobi, au katika kliniki ya methadoni (dawa ya kutibu utegemezi wa heroini) ya hospitali ya Muhimbili jijini Dar es Salaam, iliyofunguliwa mwaka 2011, andika hivyo waziwazi: matokeo yanahusu watu waliofika kwenye tiba. Usiyapeleke kwa kila anayekunywa mnazi jioni.

Mara kumi ya kiasi gani?

Mapitio yanayonukuliwa zaidi katika uwanja huu ni ya Holly Wilcox, Kenneth Conner na Eric Caine, yaliyochapishwa mwaka 2004 na kujumlisha tafiti zilizowafuatilia watu kwa muda. Waliona kwamba, ikilinganishwa na jamii kwa ujumla, hatari ya kufa kwa kujiua ilikuwa karibu mara 10 kwa wenye ugonjwa wa matumizi ya pombe, zaidi ya mara 13 kwa wenye ugonjwa wa matumizi ya heroini na dawa za jamii yake, karibu mara 14 kwa wanaojidunga, na karibu mara 17 kwa wanaochanganya dawa. Kwa wanaokunywa sana bila kutajwa kuwa wagonjwa, ilikuwa mara tatu na nusu. Angalia jinsi kundi la mwisho linavyotofautiana na la kwanza, kwa sababu ndipo waandishi wengi huteleza: wanachukua namba ya wagonjwa na kuwapa wanywaji wote.

Ukipata namba ya uwiano, dai mara moja kiwango cha msingi, yaani kiwango cha jamii kwa ujumla kinachozidishwa. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu takriban 703,000 walikufa kwa kujiua ulimwenguni, sawa na watu 9 kwa kila 100,000. Ukizidisha kwa kumi unapata 90 kwa kila 100,000 kwa mwaka, maana yake kati ya watu 100,000 wenye utegemezi wa pombe, 99,910 hawafi kwa njia hiyo katika mwaka huo. Namba hiyo ni kubwa mno kwa mtu anayepanga huduma za nchi, na haitoi ruhusa ya kumwambia mama yeyote kwamba mwanawe mlevi anaelekea kujiua. Mambo hayo mawili ni kweli kwa pamoja, na mwandishi mwangalifu huyasema yote mawili.

Hesabu hiyohiyo inasaidia kupima namba za awali. Vifo 90 kwa kila 100,000 kwa mwaka, vikiendelea kwa miaka 50 ya utu uzima, vinakaribia asilimia 4.5. Katika nchi yenye kiwango cha msingi cha 14 kwa kila 100,000, ambacho ndicho kilichokuwa karibu na cha Marekani mwaka 2019, jibu linakuwa asilimia 7. Haya ni makadirio ya kalamu na karatasi, yanayodhani kwamba hatari haibadiliki kwa umri, lakini yanaonyesha kwamba makadirio ya mwaka 1998 yanaafikiana na uwiano wa mara kumi, na kwamba asilimia 15 ingedai uwiano mkubwa kuliko ule ambao mapitio ya 2004 yaliupata. Jizoeze kufanya hesabu ya namna hii pembeni ya ukurasa.

Kuhusu wanawake, utakuta uwiano wao ni mkubwa kuliko wa wanaume. Sehemu ya sababu ni kwamba kiwango chao cha msingi ni kidogo (mwaka 2019 kilikuwa 5.4 kwa kila 100,000 ulimwenguni, dhidi ya 12.6 kwa wanaume), hivyo ongezeko lolote huonekana kubwa kwa kulinganisha. Usiandike kwamba pombe inawaua zaidi wanawake kwa njia hii kabla hujaangalia idadi halisi ya vifo.

Unywaji upi?

Hapa ndipo penye mambo mengi, na kwa maoni yangu ndipo utafiti wa eneo letu unapohitaji msaada zaidi. Kuna mtu ambaye amekunywa kwa miaka, na kuna mtu ambaye amekunywa leo. Utegemezi wa muda mrefu huharibu mambo polepole: usingizi, kipato, ndoa, heshima nyumbani na uwezo wa ubongo kudhibiti huzuni. Ulevi wa saa chache hufanya kazi nyingine kabisa, kwa sababu hupunguza breki za mtu, huikuza hasira au majonzi aliyokuwa nayo, na huyafinya mawazo yake hadi asione njia ila ile iliyo mbele yake kwa dakika hiyo. Mtu anaweza kuwa katika hatari ya pili bila kuwa na utegemezi wowote.

Hatari hii ya saa chache hupimwa kwa mbinu ambayo Malcolm Maclure aliieleza mwaka 1991, ambapo mtu hulinganishwa na nafsi yake. Mgonjwa aliyefikishwa idara ya dharura baada ya kujaribu kujiua huulizwa kama alikunywa katika saa sita zilizotangulia, kisha huulizwa kuhusu saa hizohizo za siku nyingine ambayo hakuna lililotokea. Kwa kuwa anayelinganishwa ni yuleyule, tofauti za umri, jinsia, malezi na umaskini haziwezi kulipotosha jibu. Guilherme Borges na wenzake walipojumlisha tafiti za aina hii mwaka 2017 walipata kwamba unywaji wa muda mfupi kabla ya tukio uliambatana na ongezeko la takriban mara saba la hatari ya jaribio, na ongezeko lilikuwa kubwa zaidi kadiri kiasi kilivyozidi. Unapotumia matokeo hayo kumbuka mambo mawili: yanahusu majaribio, siyo vifo, na yanategemea kumbukumbu ya mtu aliyekuwa amelewa.

Kisha uliza kiasi kilipimwaje. Hojaji ya AUDIT, iliyotayarishwa na Shirika la Afya Duniani, ina maswali kumi na alama kuanzia 0 hadi 40, na kwa kawaida alama 8 huashiria unywaji wa hatari. Maswali yake yanazungumzia vipimo vya kawaida vya kinywaji, ambavyo mara nyingi huhesabiwa kuwa gramu 10 za kilevi halisi. Chupa ya bia ya mililita 500 yenye kilevi cha asilimia 5 ina gramu zinazokaribia 20, yaani ni vipimo viwili, ingawa mnywaji atakuambia amekunywa moja. Hapo tuko kwenye jambo rahisi. Sasa mwulize mzee wa Kakamega aliyekunywa busaa kwa mrija kutoka kwenye chungu kimoja pamoja na wenzake, au mtu wa Kilimanjaro aliyepokezana kibuyu cha mbege, au kijana aliyenunua gongo ambayo ukali wake haujulikani hata na aliyeipika. Ripoti isiyoeleza jinsi vinywaji hivyo vilivyogeuzwa kuwa vipimo haijapima unywaji, imekadiria tu, na mwandishi wake alipaswa kusema hivyo. Vilevile chunguza kama mirungi, bangi na heroini vimetenganishwa au vimetiwa katika kapu moja la dawa za kulevya, kwa kuwa hatari zake hazilingani na wakati wake wa hatari haufanani. Kwa mtumiaji wa unga, yaani heroini, siku za arosto (mateso ya mwili unapokosa dawa) na majuma yanayofuata kuacha tiba au kutoka gerezani ni kipindi cha kuangaliwa kwa karibu, kwa sababu hatari ya kufa kwa dozi iliyozidi hupanda wakati mwili umepoteza uzoefu wake.

Kifo kiliandikwaje?

Dozi iliyozidi inatuleta kwenye tatizo la tatu. Katika orodha ya kimataifa ya magonjwa, toleo la kumi, kujidhuru kwa makusudi kumewekwa kwenye alama X60 hadi X84, sumu kwa bahati mbaya ipo X40 hadi X49, na matukio ambayo kusudio lake halikujulikana yapo Y10 hadi Y34. Kijana anayetumia heroini akikutwa amefariki bila ujumbe wowote, daktari anaweza kukiweka kifo kilekile katika lolote kati ya makundi hayo matatu, na vifo vya watumiaji wa dawa ndivyo vigumu kuliko vyote kuvitenganisha. Utafiti unaosoma kundi la kwanza pekee utapunguza idadi, na ule unaojumlisha kundi la tatu unaweza kuizidisha. Mtafiti mzuri huonyesha hesabu zote mbili.

Sheria nayo imeathiri kalamu za watu. Nchini Kenya kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilifanya jaribio la kujiua kuwa kosa mpaka tarehe 9 Januari 2025, Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu alipotangaza kwamba kinakwenda kinyume na Katiba. Tanzania Bara, kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu kinalitaja jaribio hilo kuwa kosa. Pale ambapo ukweli unaweza kumpeleka mgonjwa polisi, familia husema alianguka, alikosea dawa au alikuwa amelewa tu, na mhudumu mwenye huruma huandika alichoambiwa. Kwa hiyo usishangae takwimu za Kenya zikipanda baada ya mwaka 2025, na usikimbilie kuandika kwamba watu wengi zaidi wanajiua, kwa maana huenda ni wengi zaidi wanaosema kweli.

Mahali ambapo vifo vingi hutokea nyumbani, watafiti hutumia mahojiano na wafiwa. Vituo vya ufuatiliaji wa watu kama vya Kilifi, Ifakara, na mitaa ya Korogocho na Viwandani jijini Nairobi vimefanya kazi hiyo kwa miaka. Mhojaji huingia, husalimu, hutoa pole, hukaa, kisha hufuata hojaji ndefu ambamo yamo maswali kama marehemu alikunywa pombe na kama kifo kilitokana na yeye mwenyewe kujidhuru. Ukisoma matokeo ya namna hiyo, tafuta ni nani aliyejibu. Mjane aliyeishi na marehemu anajua chupa zilizofichwa chini ya kitanda, wakati kaka mkubwa aliyetumwa na ukoo kumpokea mgeni anaweza kuwa analinda jina la familia. Tafuta pia mahojiano yalifanyika muda gani baada ya mazishi, na kama mhojaji alijua mapema anachokitafuta, kwa sababu anayejua kwamba marehemu alijiua huchimba zaidi habari za ulevi kuliko anayehoji kuhusu kifo cha malaria.

Ripoti za maabara nazo zina mtego wake. Kusema kwamba sehemu fulani ya waliokufa kwa kujiua walikutwa na pombe katika damu hakutoshi mpaka tujue ni sehemu gani ya watu wa umri na jinsia hiyo, mahali hapo, siku na saa kama hiyo, wangekutwa nayo pia. Jumamosi usiku haifanani na Jumanne asubuhi.

Nini kingine kilitangulia?

Sonona inaweza kumsukuma mtu kwenye pombe na pia kwenye mawazo ya kujiua. Ukatili wa utotoni na madeni vilevile. Utafiti usiopima mambo hayo unaipa pombe lawama isiyo yake yote. Lakini kosa la upande wa pili ni baya vilevile na halisemwi vya kutosha: mtafiti anaweza kuondoa kitakwimu athari za kupoteza kazi na kuvunjika kwa ndoa, kisha akatangaza kwamba pombe haina uzito mkubwa, wakati kazi na ndoa vilipotea kwa sababu ya pombe. Hapo ameifuta njia yenyewe ambayo pombe ilipitia. Chora kwenye karatasi mishale ya kilichotangulia na kilichofuata kabla ya kukubali jedwali lolote la hesabu zilizorekebishwa.

Ushahidi mmoja unaosaidia kutoka kwenye mkwamo huu ni wa Muungano wa Kisovieti. Mwaka 1985 serikali ya Mikhail Gorbachev ilipunguza uzalishaji wa pombe, ikapandisha bei na kubana saa za kuuza. Vifo vya kujiua vilipungua kwa kiasi kikubwa katika miaka iliyofuata, hasa miongoni mwa wanaume, na vikapanda tena kampeni ilipolegea na nchi kuvunjika. Wananchi hawakuchaguliwa kwa sonona zao wala kwa malezi yao, kilichobadilika kwa wote ni upatikanaji wa pombe. Hata hivyo, miaka ileile ilikuwa na mabadiliko ya kisiasa yaliyowapa watu matumaini, na wanaoipinga hoja hii wana haki ya kulitaja. Mimi nauona ushahidi huo kuwa mzito, kwa sababu upungufu uliwaangukia zaidi wanaume, ambao ndio waliokuwa wanywaji wakubwa.

Ukiwa wewe ndiye unayeuliza au unayeandika

Wengi huogopa kuweka swali la kujiua katika hojaji ya pombe, wakidhani litampandikizia mtu wazo. Jaribio lililochapishwa na Madelyn Gould na wenzake mwaka 2005, likihusisha wanafunzi zaidi ya 2,000 wa sekondari katika Jimbo la New York, halikuona dhiki wala mawazo ya kujiua yakiongezeka kwa walioulizwa. Uliza, lakini uliza kwa kutenganisha: kutamani kufa, kuwaza kujiua, kuwa na mpango, na kuwahi kujaribu ni mambo manne yanayodai majibu manne. Usitumie swali la kuchoka na maisha kuwa badala ya yote, kwa sababu watu wengi huchoka na maisha bila kuwaza kujidhuru.

Kamati ya maadili itataka kujua utafanya nini mshiriki akijibu ndiyo, na jibu lisiwe karatasi yenye namba ya simu pekee. Awepo mtu mwenye ujuzi atakayezungumza naye siku hiyohiyo, asiachwe peke yake ikiwa ana mpango, na ikiwa amelewa wakati wa mahojiano, mahojiano yasimame huku uangalizi ukiendelea, kisha aulizwe upya akiwa hajalewa, kwa sababu jibu la mlevi haliwezi kupuuzwa wala kutegemewa peke yake. Nyumba za upataji nafuu na kliniki za methadoni ziarifiwe kabla utafiti haujaanza ili zisipokee wagonjwa kwa kushtukizwa.

Katika kuandika, usieleze njia iliyotumika wala mahali, usinukuu ujumbe ulioachwa, usitaje sababu moja kana kwamba ndiyo iliyoua, na usimwite marehemu mlevi au teja pale ambapo kusema alikuwa na utegemezi wa pombe au wa heroini kunatosha. Wafiwa watasoma ulichoandika, na miongoni mwa wasomaji watakuwemo wanaokunywa usiku huohuo. Kwa ajili yao weka namba za msaada ndani ya habari yenyewe, juu kabisa, siyo chini ambapo msomaji aliyechoka hafiki: nchini Kenya 1199 ya Shirika la Msalaba Mwekundu na 1192 ya NACADA, mamlaka ya serikali, kwa masuala ya pombe na dawa za kulevya, zote zikiwa bila malipo, na kwingineko kituo cha afya au hospitali ya wilaya iliyo karibu, baada ya wewe mwenyewe kupiga simu na kuhakikisha kwamba kuna mtu anayepokea.